Fungua blogu ya WordPress bila kugusa kipanya

Riziki yangu naipata kwa kuwafungulia watu blogu na kuzitunza. Wengi wanataka WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ule mlolongo wa kubofya: pakua zipu, ifungue, pandisha mafaili kwenye seva, jaza fomu ya kusakinisha, ingia dashibodi, futa makala ya mfano, badili muundo wa viungo, chagua saa za eneo, funga maoni. Ukishamaliza, hakuna mahali popote palipoandikwa ulichofanya. Miezi ikipita mteja anauliza mbona maoni kwake yamefungwa na kwa mwenzake yako wazi, na jibu limo kichwani mwako peke yake, kama bado limo.

WP-CLI ni programu ya mstari wa amri inayofanya karibu kila kinachofanywa na dashibodi ya WordPress, pamoja na mengine ambayo dashibodi haiyawezi. Ilianza mwaka 2011, ni ya bure, na leo ni mradi rasmi wa WordPress yenyewe. Wanaoisifu husifu kasi. Kasi ipo kweli, ila mimi naipendea maandishi: kila hatua ni mstari unaoweza kuuweka kwenye faili, kuusoma kesho, kuurekebisha na kuuendesha tena kwa mteja mwingine. Ndiyo maana sitakupa amri moja moja nikakuacha hapo. Tunaelekea kwenye faili moja linalojenga blogu nzima.

Kuisakinisha

Unahitaji terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Linux au macOS (kwenye Windows tumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows, utajiepusha na vita vya alama za nukuu), PHP (lugha inayoiendesha WordPress) inayoitika ukiandika `php -v`, na MySQL au MariaDB (programu ya hifadhidata) pamoja na programu zake za terminali. Ikiwa blogu itakaa kwenye seva ya kukodi, hakikisha kifurushi chako kinaruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa terminali. Bila SSH, yaliyomo humu hayatakusaidia huko.

```
curl -O https://raw.githubusercontent.com/wp-cli/builds/gh-pages/phar/wp-cli.phar
php wp-cli.phar --info
chmod +x wp-cli.phar
sudo mv wp-cli.phar /usr/local/bin/wp
```

Kama huna ruhusa ya `sudo`, lihamishie faili kwenye `~/bin/wp` na uhakikishe folda hiyo imo kwenye `PATH`, orodha ya folda ambamo terminali hutafuta programu. Kisha andika `wp --info` na usiyapite majibu yake haraka. Tazama toleo la PHP. Kwenye seva za kukodi, PHP ya terminali mara nyingi siyo ile inayohudumia tovuti. Moja inaweza kuwa mpya na nyingine ya zamani, ukabaki unashangaa plagini (programu-jalizi) inayokwenda vizuri kwenye kivinjari inagoma kwenye terminali. Dawa ni kuiita PHP unayoitaka kwa njia yake kamili: `/njia/ya/php /usr/local/bin/wp`.

Halafu usiwe `root`, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Ukijaribu, WP-CLI itakupigia ukelele wa "YIKES!" na kukataa. Kuna kigezo cha kuinyamazisha, `--allow-root`, nacho utakikuta kwenye maelekezo mengi mtandaoni kana kwamba ni sehemu ya kawaida ya amri. Mimi kwenye seva ya mteja sikigusi. Amri nyingi za `wp` huamsha WordPress pamoja na themu (mwonekano wa tovuti) na plagini zake zote, yaani msimbo ulioandikwa na watu usiowajua. Ukiwa `root` umeupa msimbo huo mamlaka juu ya seva nzima. Ikiwa mafaili ni ya mtumiaji wa seva ya wavuti, ambaye kwenye Debian na Ubuntu ni `www-data`, andika `sudo -u www-data wp ...` na uendelee na kazi.

Mpangilio wa folda

Maelekezo mengi hukutaka usimame ndani ya folda ya tovuti na kuanza kuandika amri. Mimi nasimama ngazi moja juu yake. Kila mteja ana folda yake, na ndani yake kuna folda `public`, ambayo ndiyo pekee inayoonekana kwenye intaneti. Skripti, nywila na nakala za hifadhidata vinakaa nje ya `public`. Faida yake ni kwamba ukitoa nakala ya hifadhidata kwa `wp db export`, faili linaangukia pale uliposimama. Ukiwa umesimama ndani ya folda ya wazi, umeitandaza hifadhidata ya mteja hadharani kwa yeyote atakayebahatisha jina la faili.

Ili `wp` ijue WordPress iko wapi, weka faili linaloitwa `wp-cli.yml` kwenye folda ya mteja:

```
path: public
apache_modules:
  - mod_rewrite
```

WP-CLI hulitafuta faili hili mahali uliposimama, ikilikosa hupanda juu folda kwa folda. Mistari miwili ya mwisho ina kazi yake, tutaifikia.

Hifadhidata

Kwenye seva ya kukodi, tengeneza hifadhidata na mtumiaji wake kwenye paneli ya mwenye seva, basi. Kwenye seva yako mwenyewe, ingia kwa `sudo mysql`:

```
CREATE DATABASE blogu_db DEFAULT CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'blogu'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-ndefu-hapa';
GRANT ALL ON blogu_db.* TO 'blogu'@'localhost';
```

Ipo pia amri ya `wp db create`, lakini hiyo hutumia mtumiaji yuleyule aliyeandikwa kwenye `wp-config.php`, na mtumiaji wa blogu moja hana sababu ya kuwa na ruhusa ya kuunda hifadhidata. Naiacha.

Nywila hiyo iandike kwenye faili `siri.txt`, mstari mmoja tu, kisha `chmod 600 siri.txt`. Usiiandike ndani ya amri, kwa kuwa amri zote hubaki kwenye historia ya terminali.

Faili lenyewe

Hili ndilo `anza.sh` langu, toleo la blogu ya mwandishi mmoja. Jina la blogu na anwani ni za mfano.

```
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail
cd "$(dirname "$0")"

URL="https://mfano.example"
JINA="Daftari la Mishororo"
BARUA="mwenye@mfano.example"
MKUU="mtunzaji"

[ -f public/wp-load.php ] || wp core download --skip-content

[ -f public/wp-config.php ] || wp config create \
  --dbname=blogu_db --dbuser=blogu --prompt=dbpass < siri.txt

if wp core is-installed; then
  echo "Blogu hii imeshasimama. Sigusi kitu."
  exit 0
fi

wp core install --url="$URL" --title="$JINA" \
  --admin_user="$MKUU" --admin_email="$BARUA" --skip-email

wp theme install twentytwentyfive --activate

# usafi
wp post delete 1 2 --force

# mipangilio
wp option update blogdescription "Mashairi na maelezo yake"
wp option update timezone_string "Bara/Mji"
wp option update date_format "j F Y"
wp option update default_comment_status closed   # mteja aliomba
wp option update default_ping_status closed
wp option update blog_public 0                   # bado inajengwa
wp rewrite structure '/%postname%/' --hard

# kurasa
mwanzo=$(wp post create kurasa/mwanzo.html --post_type=page \
  --post_title="Karibu" --post_status=publish --user="$MKUU" --porcelain)
makala=$(wp post create --post_type=page \
  --post_title="Makala" --post_status=publish --user="$MKUU" --porcelain)

wp option update show_on_front page
wp option update page_on_front "$mwanzo"
wp option update page_for_posts "$makala"
```

Kwanza andika maneno ya ukurasa wa mwanzo kwenye faili `kurasa/mwanzo.html` ndani ya folda ya mteja, kisha liendeshe `anza.sh` kwa `bash anza.sh`. Pale penye `Bara/Mji` weka jina la saa za eneo la mteja kwa mtindo huohuo, la sivyo WordPress haitaelewa. Sasa nikueleze yasiyojieleza yenyewe.

Mstari wa `set -euo pipefail` unaiambia Bash isimame papo hapo hatua yoyote ikishindikana. Usiutoe. Skripti inayoendelea kutembea baada ya hatua ya tatu kuvunjika hukuachia tovuti nusu, na kujua nusu ipi ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

`--skip-content` huleta WordPress bila themu na plagini zinazokuja nayo. Zile za kawaida, Akismet na Hello Dolly, sizihitaji, na kitu ambacho hukukipakua hutalazimika kukifuta. Lakini ukishaitumia, usisahau kusakinisha themu, maana tovuti isiyo na themu ni ukurasa mtupu.

Hatua ya `wp config create` huandika `wp-config.php` pamoja na funguo za usalama, na kabla ya hapo hujaribu kuunganika na hifadhidata. Ikikataa na una hakika na nywila, ongeza `--dbhost=127.0.0.1`. Ukiandika `localhost`, PHP hupitia soketi (faili maalumu la mawasiliano), na soketi inaweza kuwa si pale PHP inapoitafuta. Ukiandika namba, hupitia mtandao wa ndani na mara nyingi tatizo linaisha.

Kwenye `wp core install` sikuweka nywila ya msimamizi. Ni makusudi. Usipoitaja, WP-CLI hutunga moja na kuionyesha kwenye skrini mara moja tu. Inakili palepale uiweke kwenye hifadhi yako ya nywila. Jina la msimamizi nalo lisiwe `admin`. Roboti za kubahatisha nywila huanza na jina hilo.

Makala namba 1 ni ile ya salamu, ukurasa namba 2 ni wa mfano. Namba 3 ni rasimu ya sera ya faragha, ambayo naiacha mteja aijaze. Kuna amri kali zaidi, `wp site empty --yes`, inayofuta maudhui yote bila kuuliza. Kwenye skripti ambayo siku moja mtu anaweza kuiendesha penye makala halisi, sithubutu kuiweka.

Halafu `wp rewrite structure`. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakikwama. Amri inasema imefanikiwa, ukurasa wa mwanzo unafunguka, ila kila makala inatoa 404, yaani haipatikani. Sababu ni kwamba kubadili muundo wa viungo kwenye WordPress ni nusu ya kazi. Seva ya wavuti nayo lazima ijulishwe. Kwenye Apache hilo hufanywa na faili la `.htaccess`. Kigezo `--hard` ndicho kinacholiandika, lakini WP-CLI ikiwa terminali haina njia ya kujua Apache imewasha moduli zipi, hivyo haitaandika kitu mpaka uithibitishie. Ndiyo kazi ya ile mistari miwili ya `apache_modules`. Kwenye Nginx hakuna `.htaccess`, kinachohitajika ni mstari huu kwenye mipangilio ya tovuti, na `--hard` haina maana:

```
try_files $uri $uri/ /index.php?$args;
```

`--porcelain` inaifanya amri irudishe namba ya ukurasa peke yake, bila sentensi ya pongezi, ndiyo maana naweza kuiweka ndani ya `mwanzo` na kuitumia chini. Na `--user` usiiruke kwenye `wp post create`. Ukiiacha, kwa WordPress hakuna aliyeingia, ukurasa unaandikwa bila mwandishi, na chini ya kichwa jina halionekani.

Kuhusu menyu: maelekezo ya zamani yatakufundisha `wp menu create`. Hiyo ni ya themu za mtindo wa kale. Themu ya vitalu kama Twenty Twenty-Five haizisomi menyu hizo moja kwa moja, hivyo menyu yake naipanga kwa mkono kwenye kihariri. Ni jambo dogo, sijaona faida ya kulipigania.

Plagini sijaziweka kwenye mfano kwa sababu kila mteja ana zake. Mstari ni `wp plugin install jina --activate`, ambapo jina ni lile lililo kwenye anwani ya plagini huko WordPress.org. Waandishi wengine waongeze kwa `wp user create jina barua@mfano.example --role=author`; nywila itatungwa na kuonyeshwa.

Ukitaka kuijaribu skripti kwenye kompyuta yako kabla ya kuipeleka kwa mteja, weka `URL="http://localhost:8080"`, iendeshe, kisha andika `wp server` na ufungue anwani hiyo kwenye kivinjari. Hukupenda ulichokiona? `wp db reset --yes` inaifagia hifadhidata, nawe unaendesha skripti upya. Kwenye kompyuta yako tu, tafadhali. Amri hiyo haina nakala ya akiba wala huruma.

Kuhamia jina halisi

Mara nyingi blogu hujengwa kwenye anwani ya muda kisha ikahamia jina lake. Usilifungue faili la SQL na kubadili anwani kwa kihariri cha maandishi. WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa namna ambayo urefu wa neno huandikwa kabla ya neno lenyewe:

```
s:20:"http://mfano.example"
```

Ile 20 ni idadi ya herufi na alama. Ukiongeza `s` kwenye `http`, neno linakuwa na 21 huku hesabu ikisema 20. PHP inashindwa kusoma sehemu hiyo yote, na wijeti au mipangilio ya themu inapotea bila kelele. WP-CLI hulifungua fungu hilo, hubadili neno, kisha hupiga hesabu upya:

```
wp db export kabla.sql
wp search-replace 'http://localhost:8080' 'https://mfano.example' \
  --skip-columns=guid --all-tables-with-prefix --dry-run
```

Soma jedwali inayotoka. Hesabu ikiingia akilini, ondoa `--dry-run` na uirudie. Safu ya `guid` inaachwa kwa sababu visoma milisho huitumia kutambua makala. Ikibadilika, msomaji anaweza kuletewa makala zote za zamani kana kwamba ni mpya.

Siku tovuti ikigoma

Plagini imesasishwa, ukurasa umekuwa mweupe, hata dashibodi haifunguki. Terminali bado inakusikia, mradi uiambie isiamshe plagini wala themu:

```
wp plugin deactivate jina --skip-plugins --skip-themes
```

Ukiwa na shaka kwamba kuna mtu ameingiza mkono kwenye mafaili, `wp core verify-checksums` hulinganisha mafaili ya WordPress yako na ya asili, na `wp plugin verify-checksums --all` hufanya vivyo hivyo kwa plagini zinazotoka WordPress.org. Plagini za kununua haziwezi kulinganishwa, hivyo onyo juu yake si lazima liwe la kutisha. Mteja aliyesahau nywila: `wp user list` umpate namba yake, kisha `wp user update 1 --prompt=user_pass`.

Blogu nyingi, terminali moja

Ukishakuwa na wateja kadhaa, waandike kwenye `~/.wp-cli/config.yml` ya kompyuta yako:

```
@mishororo:
  ssh: mtunzaji@mfano.example/var/www/mishororo/public
@habari:
  ssh: mtunzaji@habari.example/var/www/habari/public
```

Seva za huko nazo ziwe na `wp`. Kuanzia hapo `wp @mishororo plugin list` inafanya kazi ukiwa popote, na `@all` inazigusa zote kwa mpigo. Kwa kuangalia tu, `@all` ni tamu:

```
wp @all plugin list --update=available --fields=name,version,update_version
```

Kusasisha lakini nakwenda tovuti moja moja: `wp @mishororo db export -` nikiielekeza kwenye faili la kompyuta yangu kwa `> mishororo.sql`, kisha `plugin update --all`, kisha `core update`, kisha `core update-db`, halafu nafungua tovuti kwenye kivinjari na kusoma makala moja kabla ya kugusa inayofuata.

Na siku ya kumkabidhi mteja blogu yake, kuna mstari mmoja ambao `anza.sh` iliuacha kwa makusudi, kwa kuwa hadi hapo injini za utafutaji zimeombwa zisiingie:

```
wp option update blog_public 1
```